Chagua mlango wa kutokea ukiwa bado chini ya ardhi

Msafiri anayefika Tokyo kwa mara ya kwanza akiwa na begi mgongoni asifuate umati anaposhuka treni, bali asimame kando na kusoma ubao wa manjano unaoonyesha mlango wa kutokea, kwa mfano A1 au B5, ulio karibu na anakokwenda. Stesheni ya Shinjuku pekee ina milango zaidi ya 200, na kwa kuwa ramani ya simu hupotea kwa urahisi chini ya ardhi, mlango usio sahihi huweza kumtoa upande mwingine kabisa wa reli. Usiku sana mbinu hii huyumba, kwa sababu baadhi ya milango huwa imefungwa. Mwenye mzigo mzito atangulize kutafuta alama ya lifti, maana milango mingi ina ngazi tu.