Somo: Kidonda cha moto kimefunga, sasa mtoto acheze vipi?

Wazazi na walezi, somo la leo ni la wenye watoto walioungua kwa uji, chai, maji ya moto au mafuta ya kukaangia, wakatibiwa, na sasa wamerudi nyumbani. Wengi wetu hapa Dar tunadhani bandeji ya mwisho ikitolewa mambo yamekwisha. Kumbe kovu ndio kwanza linaanza. Kovu la moto hujivuta usiku na mchana kwa mwaka mzima, pengine hata miwili, na likiwa juu ya kiungo hukikunja. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Watoto wanaoletwa kwetu viwiko vimegoma kunyooka, wengi wao walionewa huruma tu: walibebwa, wakalishwa, wakaambiwa "tulia mwanangu, utajiumiza".

Hatua ya 1: Pata ruhusa

Kama mtoto amepandikizwa ngozi, sehemu hiyo hutulizwa siku za mwanzo ili ngozi ishike. Daktari aliyempasua ndiye atakayesema lini ianze kusogezwa. Viungo ambavyo havikuungua havihitaji kusubiri.

Hatua ya 2: Jua kovu linavutia wapi

Shika hili hata ukisahau mengine yote: mkao unaompa mtoto raha ndio utakaomlemaza. Aliyeungua shingoni atainamisha kidevu, kwa hiyo alale bila mto. Aliyeungua kwapani ataubana mkono ubavuni, basi akilala mkono ukae mbali na mwili. Kiwiko na nyuma ya goti vinyooshwe. Kiganja kilichoungua kifunguliwe, vidole vitanuke. Ila kama ni mgongo wa mkono, mambo hugeuka: huyo anatakiwa kukunja ngumi, maana kovu lake linavuta vidole kwenda nyuma. Hapa ndipo wengi wanapochanganya, wananyoosha kinachotakiwa kukunjwa. Kama mmepewa gango la kuvaa usiku, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo katika mkao unaotakiwa, livaliwe usiku, lisikae kabatini. Nguo za kubana zinazoagizwa na kliniki kwa kawaida huvaliwa saa 23 kwa siku; hiyo saa moja inayobaki ni ya kuoga na kupaka mafuta.

Hatua ya 3: Lainisha, kisha nyoosha

Paka mafuta yasiyo na manukato, kandamiza kovu kwa kidole gumba huku unazungusha taratibu. Halafu nyoosha kiungo polepole hadi uone kovu linapauka na mtoto aseme linavuta. Usirudishe hapo hapo. Shikilia nusu dakika hivi, mwache yeye mwenyewe ahesabu kwa sauti, kisha achia. Rudia mara chache, na mfanye hivyo mara nne au tano kwa siku. Kunyoosha kidogo kila baada ya saa chache kunashinda nusu saa ya vilio jioni. Usimnyooshe kwa mshtuko, na usimvizie akiwa usingizini.

Hatua ya 4: Mchezo ndio dawa yenyewe

Mtoto wa miaka mitano hatafanya "seti tatu za mara kumi". Atacheza. Kazi yako ni kuchagua mchezo unaopingana na kovu.

Kwapa: adake mpira wa juu, au akusaidie kuanika nguo. Funga kamba juu kidogo ya anapofika kwa raha, umpe vibanio na soksi zake, na kila wiki uipandishe kidogo. Vidole: mdako hauna mpinzani, maana kurusha kete, kufungua kiganja na kukusanya zilizobaki ni mazoezi matatu kwa mpigo. Kukanda unga wa chapati pia, kidonda kikishafunga kabisa. Magoti na vifundo: kuruka kamba, rede, baiskeli. Shingo: mpe tiara. Mtoto anayerusha tiara anatazama juu muda wote, kovu la chini ya kidevu linanyooka, na hutasikia malalamiko hata mara moja.

Hatua ya 5: Ongeza nguvu

Kuungua eneo kubwa huunguza pia akiba ya mwili. Misuli hupungua, na hali hiyo huendelea miezi mingi baada ya ngozi kufunga. Ndiyo maana mtoto anachoka ngazi mbili tu, na wenzake wanamwita mvivu. Huko Galveston, Texas, utafiti uliochapishwa 2001 ulihusisha watoto walioungua zaidi ya asilimia 40 ya mwili. Waliofanya mazoezi ya misuli na pumzi kwa wiki 12 chini ya wataalamu walipata nguvu na misuli kuliko wale wa mazoezi ya kawaida ya nyumbani. Sisi hatuna mashine hizo kila mtaa, lakini kupanda ngazi, kubeba kidumu kidogo cha maji na chandimu ya jioni vipo. Na chakula kiendane: mayai, dagaa, maharage, maziwa.

Hatua ya 6: Joto la Dar

Ngozi iliyoungua kwa kina, na ile ya kupandikizwa, haitoi jasho la kutosha. Mwili unabaki kupoa kupitia ngozi iliyosalia, na mwezi wa Februari huo ni mtihani. Acheze asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja, kwenye kivuli, akinywa maji kila mara. Akipata kizunguzungu, kichwa kikiuma au akiacha kucheza ghafla, mwondoe, mlowanishe, mpepee. Asiporudi sawa upesi, hospitali. Kovu lenyewe lifunikwe kwa nguo nyepesi lisipigwe na jua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Mbagala: Shikamoo daktari. Wangu ana miaka minne, nikimnyoosha mkono analia hadi majirani wanakuja. Niache?

Jibu: Marahaba mama, ila mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi. Usiache, badilisha namna. Mpe panadoli ya kipimo cha uzito wake nusu saa kabla, mfanyie baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, na yeye awe na neno la kusema "basi" nawe ukaliheshimu. Maumivu ya kuvutwa huisha dakika chache baada ya kuachia. Yakiendelea hadi usiku, au kiungo kikavimba, mlete aonwe.

Baba wa Kigamboni: Sisi bahari iko mlangoni. Aogelee?

Jibu: Kama hakuna hata sehemu moja iliyo wazi, aogelee, ni zoezi zuri sana. Avae fulana ya mikono mirefu. Akitoka mumsuuze chumvi kwa maji ya bomba na kumpaka mafuta hapo hapo, la sivyo atajikuna usiku kucha.

Dada wa Tabata: Bibi yake anasema akikimbia kovu litapasuka. Na kweli juzi lilichanika kidogo nyuma ya goti.

Jibu: Msalimie bibi, hajakosea kabisa: kovu changa ni kavu na huchanika. Mchaniko mdogo unaoshwa, unafunikwa, mnaendelea kwa upole na mafuta mengi zaidi. Ukiwa mkubwa, unatoa usaha au harufu, au ana homa, nendeni hospitali.

Mwalimu wa Ilala: Nina mwanafunzi wa namna hiyo. Wakati wa michezo tunamwachia kulinda mabegi.

Jibu: Mwalimu, mabegi yatajilinda. Mpe nafasi kwenye timu, pumziko la kivulini kila baada ya dakika chache, na ruhusa ya kwenda kunywa maji bila kuomba.

Mama wa Kimara: Wangu aliungua miaka mitatu iliyopita, kidole kimeshikana na kiganja. Nikianza mazoezi leo kitafunguka?

Jibu: Kovu likishakomaa hivyo, mazoezi peke yake ni nadra kulifungua. Anahitaji upasuaji wa kuliachia. Ulizeni Muhimbili au CCBRT Msasani. Baada ya hapo mazoezi yanaanza upya, tena kwa bidii kuliko mwanzo. Na hata kikifunguka, msipotee kliniki: mfupa unarefuka mtoto anapokua, kovu halifuatii kwa kasi hiyo, na kidole kinaweza kuanza kukunjika tena.