Pembe ya nyumba inataka upepo kwanza, kabati baadaye

Masika ya mwaka juzi nilifungua kabati la pembeni nikitafuta doti mbili za kanga alizoniachia mama. Harufu ya uvundo ilinipokea kabla mlango haujafunguka wote. Pindo la doti ya juu lilikuwa na madoa meusi madogo madogo, kama limenyunyiziwa pilipili manga, na mgongo wa kabati, ambao ni wa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ulikuwa umevimba mpaka misumari ikatoka nusu. Kabati lile nililisukuma mwenyewe likagusa kuta mbili, nikaona nimeokoa nafasi. Ukuta mmoja ndio unaopigwa na mvua.

Doti moja ilipona kwa kufuliwa na kuanikwa juani siku tatu. Ya pili doa halijatoka hadi leo, na bado inaniuma.

Tunaishi watu wanne kwenye chumba na sebule, Mwananyamala, kwa hiyo pembe kwangu ni mali. Ila hewa ya Dar ina unyevu karibu mwaka mzima, na kuvu hupenda pale penye giza pasipopita upepo. Kabati lolote liache mwanya wa vidole vinne kutoka ukutani, na lisimame juu ya miguu au vipande vya tofali, ili ufagio upite chini na wewe uone kinachoendelea huko.

Kazi yenyewe ifanye wakati wa kipupwe, mwezi wa sita au wa saba, masika yameisha na jua si kali. Toa vitu vyote, vitandaze kwenye mkeka uani, tenga kile cha kila siku na kile cha msimu. Kile ambacho hakijaguswa tangu Idi mbili zilizopita, mpe mtu atakayekitumia. Ukianza kununua makontena Kariakoo kabla ya kufanya hivi, utakuwa unanunua nyumba ya vitu usivyovihitaji.

Pembe iliyonifundisha zaidi ni ya sebuleni, kati ya dirisha na mlango wa chumbani. Nilitaka shelfu za pembetatu, moja juu ya nyingine. Fundi alipokuja hakugusa msumeno. Alipima sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, akatia alama kwa penseli, akapima 80 kwenye ukuta wa pili, kisha akavuta futi toka alama hii hadi ile.

"Mama, hapa ilitakiwa isome mia," akaniambia.

Ilisoma 103. Yaani kuta zangu zimeachana, kona si mraba. Ubao uliokatwa mraba ungegusa ukuta mmoja na kuacha mwanya upande wa pili, na usingekalia sawasawa papi zake, yaani vipande vya mbao vya ukutani vinavyoubeba. Kwa hiyo tulichukua boksi, tukalisogeza konani, tukalikata kidogo kidogo mpaka likalala vizuri kabisa, halafu tukachora ubao kwa kulifuata. Ukifanya mwenyewe, rudia kipimo hicho kwa kila shelfu, maana ukuta unaweza kupinda tofauti chini na juu.

Tulitumia plaiwudi ya milimita 18, pande za sentimita 40. Kila shelfu inakalia papi mbili, zilizofungwa ukutani kwa skrubu za inchi mbili na nusu na plagi za plastiki. Skrubu fupi huishia kwenye lipu, na lipu peke yake haibebi sufuria. Usitoboe kabisa kwenye mstari wa juu au wa chini ya swichi au soketi, nyaya ndimo zinamopita. Vizito vikae chini: unga, mchele, pasi. Shelfu hizi hazina milango na sitaki ziwe nayo, upepo wa dirishani unazipitia zote.

Uvungu wa kitanda weka vyombo vyenye mifuniko na vivute nje kila wiki, maana mbu hupumzika gizani humo mchana. Nyuma ya mlango, mfuko wa kitambaa wenye vimfuko vya viatu unatosha. Hakikisha tu mlango bado unafunguka wote.

Jikoni nilimkumbuka bibi. Nyumba yake ya mawe ilikuwa na vidaka ndani ya ukuta, kimoja cha taa, kingine cha msahafu. Kuta zetu za tofali ni nyembamba, usithubutu kuvichimba. Lakini alikuwa pia na susu ikining'inia darini, samaki wa kukaanga ndani yake, mbali na paka na sisimizi. Susu nimeirudisha. Ipo kwenye pembe ya juu ya jiko, pale ambapo hakuna kabati lingetosha, na ndimo vinamokaa vitunguu. Vinadumu kuliko vilivyokuwa vikidumu kwenye ndoo. Viazi naviweka mbali navyo, gizani, kwani vikikaa pamoja huharibika upesi.

Mtungi wa gesi usiufungie kwenye kabati la pembeni hata kama unaenea kama uliopimiwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na kwenye kabati lililofungwa haina pa kutokea. Nayo maji ya akiba yakae sakafuni daima, dumu la lita 20 ni kilo 20. Yafunike, na kila wiki sugua kuta za pipa kwa ndani. Mbu wa dengue hutaga mayai pale juu kidogo ya maji, na hapa Dar mlipuko wa 2019 tunaukumbuka.

Kanga za mama sasa ziko shelfu ya pili kutoka juu, ndani ya foronya ya pamba, si mfuko wa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Nazitoa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, nazikung'uta, nazianika kivulini mpaka alasiri, kisha nazikunja kwa mkunjo mwingine ili zisichakae pale pale.