Riwaya ya mzimu wa kihistoria: vile mimi huifundisha darasani

Walimu wenzangu, kama umepewa riwaya ya kihistoria yenye mzimu ndani, tafadhali usizime taa uanze kutisha watoto. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikafunga mapazia nikasoma kwa sauti nzito, wakacheka wiki nzima na hakuna aliyekumbuka kitabu kilikuwa kinahusu nini. Mzimu wa riwaya ya aina hii ni mtu ana malalamishi. Alikufa, hakuna aliyeandika, sasa amerudi kudai. Shika hapo, kazi zingine zote zinatoka hapo.

Kabla ya kufungua kitabu anza na neno lenyewe. Waulize, huyu tumwite nani, mzimu, mzuka, pepo, jini ama zimwi? Watakurushia yote kwa mpigo kana kwamba ni kitu kimoja, waache wabishane kidogo. Zimwi ni la hadithi za bibi, linakula watu. Pepo anampanda mtu. Jini hata hakuwahi kuwa mtu. Mzuka ni kile kinakutokea ghafla halafu hakipo. Mzimu ni wa mtu aliyekufa, na mara nyingi ni wa kwenu. Halafu watume nyumbani wakaulize lugha ya mama inasemaje. Kwangu ilirudi ngoma kutoka kwa Wakikuyu (darasa likacheka maanake walidhani ni ile ya kucheza), aimu kutoka kwa Wakamba, na jachien kutoka kwa Waluo, na kijana mmoja kutoka nyuma, yule huwa haongei, akaeleza kwamba jachien ni yule alikufa akiwa amedhulumiwa ndio anarudi kulipiza. Basi sikuwa na kitu kingine cha kufundisha siku hiyo, alikuwa amemaliza.

Ila tuma ujumbe kwa wazazi mapema, kabla ya hilo swali kufika nyumbani. Mimi nilichelewa, na saa mbili usiku mzazi mmoja akaandika kwa grupu ya WhatsApp kwamba tunafundisha watoto uchawi, na ukijua grupu za wazazi unajua vile usiku huo ulienda. Mistari minne inatosha: ni fasihi, ni historia, hakuna mtu anaitwa, hakuna kitu kinachomwa.

Sasa kazi ninayoipenda sana ni ile ya hesabu ya wafu. Inafanya kazi na riwaya yoyote ya enzi za ukoloni, lakini mimi huanza na simba wa Tsavo hata kama kitabu hakiwataji, kwa sababu kila mtoto amesikia hiyo stori. Mwaka wa 1898 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika mto Tsavo, simba wawili wakawa wanaingia kambini usiku kubeba watu, na wafanyakazi wakaanza kusema hawa si simba, ni mashetani wamevaa ngozi ya simba. Patterson, msimamizi wa kujenga daraja, aliwaua wote wawili Desemba hiyo, na leo wako kwa makumbusho kule Chicago. Andika ubaoni namba tatu: 28, 135, 35. Usiseme ni za nini, waache wakisie. Halafu waambie: 28 ni Wahindi waliouawa kulingana na kitabu cha Patterson mwenyewe, 135 ni jumla aliyokuja kuitoa baadaye, na 35 ni makadirio ya wanasayansi waliopima nywele na mifupa ya wale simba, wakachapisha 2009. Uliza, na Waafrika? Patterson anasema walikuwa wengi lakini hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Nyamaza hapo. Usiharakishe kueleza, kuna mtoto atasema mwenyewe kwamba basi hao ndio mizimu. Akishasema hivyo rudini kwa riwaya yenu na kila kikundi kitafute: mzimu wetu angehesabiwa wapi, na nani alishika kalamu?

Kazi ya pili ni kiti cha mzimu. Kiti kimoja mbele, mwanafunzi anakaa, yeye ndiye mzimu wa riwaya, wengine wanauliza. Sheria ni moja tu, hajui kitu chochote kilichotokea baada ya siku aliyokufa. Hiyo sheria ndio inageuza mchezo kuwa somo la historia, maanake lazima wajue tarehe. Waachie dakika kumi na tano wajiandae na kamba ya miaka (kamba ya nguo, vibanio, makaratasi, bei rahisi kabisa): reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Kwangu mzimu mmoja aliyekufa 1898 akasema alikuwa anatuma pesa kwa mama yake Nairobi mjini. Darasa likamrukia, mji gani, hapo kulikuwa na tope na maji baridi ya Wamaasai! Akaniangalia nimwokoe, nikakataa.

Wale hawapendi kuongea wape kazi ya kuandika maswali, usiwalazimishe kukaa kwa kiti.

Kama shule inaweza kulipia basi, nendeni Makumbusho ya Reli Nairobi, pale nyuma ya stesheni. Kuna behewa ambalo simba aliingia mwaka wa 1900, kituo cha Kima, akamtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, kupitia dirishani. Wanafunzi watataka picha na dirisha, waache wapige. Halafu waulize kwa nini behewa la mtu mmoja limetunzwa zaidi ya miaka mia na jina lake linajulikana. Kutoka hapo mnaweza kutembea hadi sanamu za Askari pale Kenyatta Avenue, za kukumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia (vukeni pamoja, boda hawana huruma). Zimekuwa hapo tangu 1928, moja ni ya mpagazi, na maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, yanaahidi ukifa ukipigania nchi watoto wako watakumbuka jina lako. Mwambie kila mmoja azunguke atafute jina hata moja la mpagazi pale. Hakuna. Soko la Kariakor lenyewe jina lake lilitoka kwa Carrier Corps, yaani kikosi cha hao wapagazi, na wengi hupita hapo kila siku wakienda kununua kiondo.

Mkikosa basi, fanyeni na picha kwa simu, si sawa lakini itaenda.

Mwisho usitoe insha ya kawaida, "eleza dhamira tano", watanakili kwa kitabu cha mwongozo. Mwambie kila mtu aandike tangazo la kifo la mzimu wa riwaya, vile vya gazetini tunavyovijua: ni kwa huzuni kwamba tunatangaza kifo cha fulani, mwana wa fulani, mume wa fulani, wa kijiji fulani, marafiki wanakutana wapi kwa matayarisho. Kila kitu kitoke kwa kitabu, na ukurasa uandikwe pembeni. Kile kitabu hakisemi apige mstari aache wazi, asibuni. Mimi hutoa maksi nyingi kwa ile mistari mitupu kama ameweza kuniambia kwa sentensi mbili kwa nini haijazwi, je mwandishi alificha makusudi ama rekodi zenyewe hazikuwahi kuwepo.

Halafu bandika zote ukutani. Zetu zilikaa muhula mzima, hadi mama anayetufagilia darasa akanishika mkono kwa upole akaniuliza mwalimu, poleni sana, na mchango tunatuma kwa namba gani?