Somo: Kuchagua Njia ya Uzalishaji Inayoifaa Biashara Yako

Wengi wetu huanza kwa kuulizia bei ya mashine, ilhali mashine ndiyo ya kuamuliwa mwisho.

Hatua ya 1: Chunguza oda zako. Fundi wa fanicha wa Kibuye, Kisumu, ambaye leo ameagizwa kabati la kona na kesho kitanda cha futi 5 kwa 6, hana budi kutengeneza kimoja kimoja. Kazi hiyo huenda polepole na hutaka fundi stadi, lakini arubuni ya mteja ndiyo inayonunua mbao, kwa hivyo fedha zake hazilali ghalani.

Hatua ya 2: Angalia kama bidhaa zako hupitia njia moja na kutofautiana mwishoni tu. Hapo uzalishaji kwa mafungu, yaani kutengeneza kiasi fulani kwa mkupuo kisha kubadili, ndio unaofaa, na nadhani wengi wetu tumo humu. Mtengenezaji wa mtindi wa Nakuru hupasha maziwa hadi nyuzi 85 hivi, huyapoza hadi karibu nyuzi 43, hutia kichachusho (bakteria wanaogandisha maziwa) na kuyaacha yagande kwa saa kadhaa, ndipo atie ladha. Gharama inayosahaulika ni muda wa kuosha vyombo kati ya ladha na ladha. Anayeanza na mtindi mtupu, akafuatisha vanila na kumalizia na stroberi, huosha kwa urahisi kuliko anayeanza na stroberi, ambayo rangi na harufu yake hung'ang'ania kila mpira na kila koki.

Hatua ya 3: Usikimbilie uzalishaji wa mfululizo, yaani mtambo kufanya kazi bila kusimama, kabla ya kuwa na hakika ya malighafi. Viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil havina hiari, kwa kuwa muwa uliokatwa hupoteza sukari kadiri unavyokaa. Hata hivyo, mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa kwa uhaba wa miwa iliyokomaa, na mtambo ukisimama, riba ya mkopo haisimami.

Hatua ya 4: Sasa ulizia mashine.

Maswali ya wanachama

Swali (Kakamega): Ninaoka mikate kila siku na keki za harusi mara moja moja. Nichague njia ipi?

Jibu: Tumia zote mbili, ndugu yangu. Mikate ioke kwa mafungu alfajiri, keki kwa agizo tanuri likiwa wazi, na kila moja iwe na hesabu zake. Vinginevyo hutajua ni ipi inayoibeba nyingine.

Swali (Nakuru): Fungu la mtindi liwe la ukubwa gani?

Jibu: Usipimie sufuria, pimia mauzo. Tuseme unauza lita 20 kwa siku na mtindi wako hudumu siku 10: ukitengeneza lita 200, za mwisho zitafika dukani siku ya kuharibika, na hakuna mwenye duka atakayezipokea. Anza na lita 60, kisha uongeze kiasi ukiona mtindi unaisha mapema kwenye rafu.