Somo: Namna ya kuijenga upya orodha ya maonyesho ya Rachmaninoff, usiku kwa usiku

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiulizwa jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtu amekuta tarehe mbili za onyesho moja la Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Kirusi, na anataka kujua ipi ni sahihi. Nimeshajibu mmoja mmoja kiasi cha kutosha. Naandika somo hili ili atakayeuliza baada ya leo aelekezwe hapa, na ili wale wanaotaka kuifanya kazi yenyewe, yaani kuorodhesha kila siku aliyopanda jukwaani, wawe na pa kuanzia. Mifano yote ni ya Rachmaninoff kwa sababu ndiye niliyemfuatilia, lakini njia hii itamfaa pia anayewatafuta watunzi wenzake wa Kirusi, kama Scriabin, Medtner au Prokofiev.

Hatua ya kwanza ni kufungua jedwali lenye safu hizi: tarehe kama chanzo kilivyoiandika, tarehe ya kalenda mpya (ile tunayoitumia leo), siku ya juma, mji, ukumbi, alikuwa mpiga piano au kiongozi wa orkestra, vipande vilivyopigwa, chanzo, na aina ya chanzo.

Hatua ya pili ni kusimika nguzo, yaani tarehe chache zisizo na shaka ambazo nyingine zote zitapimwa kwazo. Alianza ziara yake ya kwanza ya Marekani tarehe 4 Novemba 1909 huko Northampton, Massachusetts, katika chuo cha Smith. Hakurudi nchi hiyo hadi alipotia nanga New York tarehe 10 Novemba 1918, na onyesho lake la kwanza baada ya hapo lilikuwa Providence, Rhode Island, tarehe 8 Desemba. La mwisho kabisa maishani lilikuwa Knoxville, Tennessee, tarehe 17 Februari 1943. Nguzo hizi zinakupa pia vipindi vitupu: ukikuta mstari unaosema alipiga piano Boston mwaka 1913, ujue chanzo kinamzungumzia mtu mwingine aliyepiga utunzi wake.

Hatua ya tatu ni majina. Marekani alijiandika Rachmaninoff. Wajerumani waliandika Rachmaninow, na wengine Rachmaninov au Rakhmaninov. Tafuta yote.

Hatua ya nne ni tarehe, na hapa ndipo nilipoharibu kazi ya miezi miwili. Urusi iliendelea kutumia kalenda ya zamani, ile ya Julius, hadi mwanzoni mwa 1918, ambapo watu walilala tarehe 31 Januari wakaamka tarehe 14 Februari. Kwa hiyo usiku mmoja wa Moscow una tarehe moja katika gazeti la huko na nyingine katika gazeti la London. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo kalenda ya Kiislamu na ya miladi zimetundikwa ukuta mmoja hatushangai kuona siku moja ikiwa na tarehe mbili, ila sisi tuna nafuu: Mfungo Tatu hauwezi kudhaniwa kuwa Oktoba, ilhali Oktoba ya Moscow na Oktoba ya London zina jina moja, na hakuna kinachokuonya kwamba umevuka kutoka moja kwenda nyingine.

Kosa langu lilikuwa hili. Konseto yake ya Pili, utunzi wa piano na orkestra, ilipigwa kamili kwa mara ya kwanza Moscow, mwenyewe akiwa kwenye piano na binamu yake Alexander Siloti akiongoza orkestra, tarehe 27 Oktoba 1901 kwa kalenda ya zamani. Niliongeza siku 13 nikapata 9 Novemba, na hapo nilikuwa sahihi. Wiki kadhaa baadaye nikakuta kitabu cha Kiingereza kinachotaja 9 Novemba bila kusema kwamba tarehe imekwisha kugeuzwa, nami, kwa kuwa onyesho lilikuwa la Urusi, nikaongeza siku 13 nyingine nikapata 22 Novemba. Jedwali langu likawa na maonyesho mawili, yote ya kwanza, yenye mpiga piano mmoja na kiongozi mmoja. Kibaya zaidi, nilikuwa nikifuta tarehe ya asili kila nilipogeuza, hivyo sikuwa na njia ya kujua ni mistari mingapi mingine niliyoigeuza mara mbili. Nililazimika kurudi kwenye chanzo cha kila mstari wa kabla ya 1918, nikianza na wa kwanza.

Kwa hiyo nasisitiza. Tarehe ya asili haifutwi kamwe, hata ukiwa na hakika. Usiongeze chochote kabla ya kujua chanzo kinatumia kalenda ipi. Siku za kuongeza si 13 wakati wote: kwa karne ya kumi na tisa ni 12, na ndiyo maana Preludi yake maarufu kuliko zote, kipande kifupi cha piano kiitwacho Opus 3 namba 2, aliyoipiga hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Septemba 1892, inaangukia 8 Oktoba na si 9. Tena, Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi lakini ilitumia kalenda mpya, basi onyesho la Helsinki usiliongezee kitu. Mwisho, ijaze safu ya siku ya juma, kwa maana tarehe mbili za kalenda mbili zinaangukia siku moja ya juma. Tarehe 9 Novemba 1901 ilikuwa Jumamosi, na 22 Novemba ilikuwa Ijumaa. Laiti ningekuwa na safu hiyo, mstari wa uongo ungejifichua siku ile ile.

Hatua ya tano: tangazo si onyesho. Tangazo la gazeti linathibitisha kwamba tiketi ziliuzwa, na ratiba iliyochapishwa, yaani karatasi ya vipande vya usiku huo, inathibitisha kwamba mpiga chapa alilipwa. Linalothibitisha onyesho ni maelezo ya mtu aliyeketi ukumbini, yaliyotoka baadaye. Baada ya Knoxville mwaka 1943 ugonjwa ulimlazimu aikatize ziara, kwa hiyo atakayekusanya matangazo peke yake atamfanya apige piano katika miji ambayo hakufika. Mimi huandika «tangazo», «ratiba» au «tahakiki» katika safu ya mwisho, na mstari wenye tangazo tu hauhesabiwi.

Hatua ya sita: mji hauchukuliwi kutoka jina la orkestra. Rapsodi juu ya lahani ya Paganini ilianza kusikika tarehe 7 Novemba 1934 kwa orkestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski, lakini usiku huo wote walikuwa Baltimore. Vilevile usiunganishe yaliyo mawili: Konseto ya Tatu ilipigwa New York chini ya Walter Damrosch tarehe 28 Novemba 1909 katika ukumbi wa New Theatre, ikarudiwa na orkestra hiyo hiyo tarehe 30 katika Carnegie Hall. Hiyo ni mistari miwili, na ya tatu ni 16 Januari 1910, Carnegie Hall tena, kiongozi akiwa Gustav Mahler.

Hatua ya saba ni vipande vilivyopigwa, na hapa ratiba iliyochapishwa inaweza kukupotosha. Utunzi wake juu ya lahani iliyohusishwa na Corelli, ulioanza kusikika Montreal tarehe 12 Oktoba 1931, una vipande 20 vinavyoigeuza lahani hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo alimwandikia Medtner kwamba alikuwa akiongozwa na kukohoa kwa wasikilizaji: kikohozi kikizidi, anaruka kipande kinachofuata. Katika mji mmoja mdogo alipiga 10 tu, na New York alifika 18. Kila nikifikiri juu ya mzee huyo mrefu, mikono juu ya piano, akisikiliza vifua vya watu na kuamua kipi akiache, naona ni kiasi gani cha usiku mmoja kisichoweza kuingia katika jedwali. Andika «kwa mujibu wa ratiba», usiandike «alipiga».

Maswali ya wanachama

Mwambao: Ahsante kwa somo. Naomba unitumie orodha kamili iliyokwisha malizika, maana mimi nahitaji tarehe tu.

Jibu: Sitoi orodha nzima kwa sababu bado ina mistari yenye matangazo pekee, na nimeshaona mistari yangu ambayo haijathibitishwa ikinakiliwa kwingine kama ukweli. Taja onyesho moja unalolihitaji, nami nitakuambia nilicho nacho.

Msikilizaji: Hesabu yako ina kosa. Rachmaninoff alizaliwa tarehe 2 Aprili 1873, nimeona katika zaidi ya kitabu kimoja, nawe ulishawahi kuandika 1 Aprili.

Jibu: Nimeandika 1 Aprili na ninaendelea kuiandika. Alizaliwa tarehe 20 Machi 1873 kwa kalenda ya zamani. Mwaka 1873 uko katika karne ya kumi na tisa, siku za kuongeza ni 12, jawabu ni 1 Aprili. Tarehe 2 inapatikana kwa kuongeza 13, na iliingia vitabuni kwa sababu katika karne ya ishirini ile 20 Machi ya zamani ilikuwa ikiangukia 2 Aprili. Naomba hatua ya nne isomwe yote kabla ya kunisahihisha.

Bint Hisabati: Naomba kuelewa, si kubishana. Mabadiliko kutoka 12 kwenda 13 yanatokea siku gani hasa? Je, ni 1 Januari 1900?

Jibu: Dada, swali lako ni zuri na wengi hulipita. Si Januari. Kalenda ya zamani iliufanya mwaka 1900 kuwa mrefu, wenye 29 Februari. Kalenda mpya haikufanya hivyo, kwa kuwa miaka ya mamia haiwi mirefu isipogawanyika kwa 400. Kwa hiyo 28 Februari 1900 ya zamani ni 12 Machi ya mpya, 29 Februari ya zamani ni 13 Machi, na 1 Machi ya zamani ni 14 Machi. Hadi mwisho wa Februari ya zamani ongeza 12, kuanzia 1 Machi ya zamani ongeza 13. Ukiwa na programu ya jedwali inayogeuza tarehe yenyewe, ijaribu kwanza kwa siku hizo tatu. Ikikosea hapo, usiiamini kwingine.

Mtafiti Mchanga: Mimi sisomi Kirusi. Je, nianze na nini, au niishie Marekani tu?

Jibu: Anza na Marekani, kwa kuwa kuanzia 1918 ndiko alikopiga maonyesho mengi, na vyanzo viko wazi. Hifadhi ya orkestra ya New York Philharmonic ina picha za ratiba zake kwenye intaneti bila malipo, Carnegie Hall ina orodha yake, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa magazeti ya zamani unaotafutika kwa neno. Maktaba hiyo ndiyo pia yenye nyaraka zake alizozikabidhi mjane wake, Natalia. Wakati huo huo jifunze herufi za Kirusi, kidogo kila siku. Huhitaji lugha nzima ili kutambua jina, mji, tarehe na neno la «onyesho». Kumbuka tu kwamba magazeti ya kabla ya mapinduzi yalitumia tahajia ya zamani, na jina lake liliishia kwa herufi ya ziada: Рахманиновъ. Ukitafuta bila ъ, mashine nyingi zitakujibu kwamba hakuna kitu. Na usiiamini programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha inapofika kwenye tarakimu: fungua picha yenyewe, uikuze. Nina ukurasa mmoja ambao wino umejaa katika tumbo la 3 hadi inasomeka 8, na siku ya juma pekee ndiyo iliyoniokoa.

Nyaraka: Nimepata tangazo la mji mdogo wa Marekani, miaka ya 1920, likisema watu waje dukani kusikia Rachmaninoff akipiga piano jioni hiyo. Siku hiyo hiyo nina tahakiki ya onyesho lake katika mji mwingine wa mbali. Nifute ipi?

Jibu: Usifute yoyote. Soma tangazo tena ukitafuta neno Ampico. Hilo ni jina la piano za kujiendesha zilizopiga kwa kufuata karatasi zilizotobolewa, na Rachmaninoff aliirekodia kampuni hiyo. Maduka yaliwaalika watu waisikie mashine, na jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa. Hamishia mstari huo katika ukurasa wa pembeni uitwao «si maonyesho», ili atakayekufuata asiugundue upya akadhani uliuruka. Ushahidi wa namna hiyo unasaidia pia kwa upande wa pili: siku za kurekodi santuri zimeorodheshwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na mtu aliyekuwa akirekodi Rapsodi tarehe 24 Desemba 1934 pamoja na Stokowski hakuwa jukwaani katika pwani nyingine ya nchi jioni hiyo.

Bint Hisabati: Je, safari za treni nazo zinaweza kutumika hivyo?

Jibu: Zinafaa sana, nami nimechelewa kuanza kuzitumia. Katika miaka ya 1920 treni ya haraka kati ya New York na Chicago ilichukua kama saa 20. Onyesho la alasiri New York na jingine Chicago usiku wa kesho yake linawezekana, ila kwa shida. Usiku wa New York na alasiri ya kesho yake Chicago, hapana. Mimi nimeongeza safu ya saa ya kuanza, na kila miji miwili iliyofuatana kwa chini ya siku moja naitia alama nyekundu hadi nipate tahakiki za pande zote mbili. Ukipenda, nitakutumia mistari ya msimu wa kwanza baada ya Providence, uipime kwa ratiba za reli uniambie ipi haikai.

Bint Hisabati: Nitumie. Nitaanza na Januari 1919.