Gawio la nje na kodi ya zuio, naandika mara moja tu

Wakuu, tangu watu wa Mwanza waanze kununua hisa za Marekani kwenye simu, kila siku naulizwa mbona gawio (faida kampuni inayowagawia wenye hisa) limekuja pungufu. Mpaka mwaloni Kirumba nimefuata dagaa nimeulizwa. Someni hapa.

Hatua ya 1: jua kampuni ni ya nchi gani. Huko ndo zuio linakatwa, yaani kodi inayotolewa kabla gawio halijakufikia.

Hatua ya 2: angalia kama nchi hiyo ina mkataba wa kodi na Tanzania. Tunayo tisa: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden, Zambia. Marekani haimo, so unakatwa 30% yote. India wao wanaanzia 20%, mkataba unashusha hadi 10%, ila uwe na cheti cha ukaazi cha TRA.

Hatua ya 3: fomu W-8BEN, ile ya kumwambia broka kuwa wewe si mkazi wa Marekani. Hapa nililia. Mtoto wa mjomba anaishi Toronto, kanitumia picha ya fomu yake nami nikanakili yote mpaka sehemu ya pili, ya mkataba, 15%. Kumbe ile 15% anaipata kwa sababu anakaa Canada! Nikawa nakula dola 85 kwenye kila 100 najiona mjanja, siku broka kashtuka karudi nyuma kakata tofauti yote, akaunti ikafungwa wiki nzima. Unayeishi Tanzania SEHEMU YA PILI ACHA WAZI. Mkataba unaangalia unalipa kodi wapi kama mkazi, na pale unasaini kiapo, ukidanganya ni kosa. Fomu ya 2024 inakufa 31 Desemba 2027, jaza upya.

Hatua ya 4: tunza 1042-S, karatasi inayoonyesha gawio lako na kodi uliyokatwa Marekani, ndo ushahidi wako TRA ukidai nafuu ya kodi uliyokatwa nje.

MASWALI

Dagaa Mkavu: Mkuu kwa hiyo Marekani wanakata ngapi?
— Hatua ya 2.

Dagaa Mkavu: Si ungejibu tu
— Nimejibu kabla hujauliza.

Binti Nyegezi: Kaka shikamoo, nina hisa ya kampuni ya Uingereza ila niliinunua soko la New York, nayo 30%?
— Marahaba dada, hili ndo swali. Hapana, inafuata nchi ya kampuni sio soko. Na Uingereza hatuna mkataba nao, lakini sheria yao yenyewe haikati zuio kwenye gawio la kawaida. Utaona tu vijisenti vya ada.

Binti Nyegezi: Na ile mifuko ya uwekezaji ya Ireland yenye hisa za Marekani?
— Hiyo tamu. Mfuko wenyewe unakatwa 15% na Marekani maana Ireland wana mkataba, halafu Ireland wao hawakukati wewe wa nje. Angalia ada ya broka kwanza lakini.

Mzee wa Igoma: Mi nna za DSE tu, soko letu la Dar
— 5% mzee wangu, imeisha hiyo. Kampuni isiyoorodheshwa sokoni ndo 10%.