Namna ya kumpata mzee wa kanisa asiyejipigia debe

Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache, na wengi wetu tumeletwa na kazi: walimu, askari, wauguzi kutoka Bara. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ukikaribia, urafiki wa kazini na ukabila hutangulia. Mcheshi mwenye gari la kubebea kwaya hupita bila kupingwa. Mimi ni katibu wa kanisa dogo hapa Wete, na huu ndio utaratibu tunaoufuata.

Anzeni mwezi mmoja kabla. Kabla jina lolote halijatajwa, someni Jumapili kazi zenyewe zinazomngoja huyo mzee: kuwatazama wagonjwa, kuhesabu sadaka pamoja na mwenzake, kusuluhisha wanandoa usiku wa manane, kufungua kanisa alfajiri. Someni polepole. Kampeni zikatazwe, hata zile za chini kwa chini kwenye WhatsApp, na anayejipigia debe jina lake liondolewe bila kuoneana haya.

Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume walitaka watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima (Matendo 6). Nawasihi sana mlitazame hilo la kushuhudiwa. Paulo anamwambia Timotheo kwamba kiongozi ashuhudiwe mema hata na walio nje (1 Timotheo 3:7). Kwetu walio nje ni majirani zetu Waislamu, nao wanatujua kuliko sisi tunaoonana Jumapili tu.

Basi watumeni watu wawili wenye busara wakaulize kwa adabu habari za mtu mnayempima, bila kuchimba aibu zake. Wapite kwa mwenye duka anakokopa sukari: deni hulipwa mwisho wa mwezi, au mtu hubadilisha njia? Kama ana mikarafuu, wachumaji wake walipimiwa kwa haki na kulipwa kwa wakati? Mwezi wa Ramadhani hula barabarani mbele ya waliofunga? Swali ninalolipenda zaidi ni hili: “Ungesafiri kwenda Unguja, ungemwachia ufunguo wa duka?” Tuliwahi kumuuliza hivyo muuzaji mmoja juu ya fundi cherehani mkimya, anayekaa benchi la nyuma kanisani, ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria. Akashangaa. “Mbona anao?” Mke wa muuzaji huyo alipolazwa Chake Chake, yule fundi ndiye aliyekuwa akimfungulia duka kila asubuhi na kumwandikia mauzo, na hakuwahi kumsimulia hata mmoja wetu. Ushahidi wa namna hiyo mimi naupa uzito kuliko hotuba yoyote ya madhabahuni.

Siku ya kura, fungeni na kuomba, kisha pigeni kura ya siri kwa karatasi. Msinyooshe mikono. Mji wetu ni mdogo, na askari hawezi kumpinga mkubwa wake waliyekaa benchi moja. Wawili wakilingana, amueni kwa kura ya bahati: hata Mathiya, aliyeshika nafasi ya Yuda, alipatikana hivyo, jina la Yusufu Barsaba likiwa pembeni, na mitume hawakuona fedheha.

Msimsimike papo hapo. Mashemasi walitakiwa wajaribiwe kwanza. Mpeni miezi mitatu ya kuhesabu sadaka na mwenzake na kuwatembelea wagonjwa, ndipo awekewe mikono.

Jambo la mwisho ni gumu: mnyenyekevu mara nyingi hukataa. Msimbembeleze mbele ya watu, maana atakubali kwa haya tu. Mfuateni nyumbani jioni, mkae naye, mumuulize sababu. Akisema ana mgonjwa wa kumhudumia, mwacheni, tena mkamsaidie. Akisema hakusoma, mwambieni kuandika ni kazi ya katibu, na katibu yupo.